Dakika kumi na mwanaanga: jinsi shule inavyozungumza na Kituo cha Anga, na wapi hasa somo lilipo

Kila mwaka makumi ya shule duniani hupata nafasi ya kuzungumza na mwanaanga aliyeko kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa. Picha za siku hiyo hufanana: ukumbi umejaa, mtoto kasogelea maikrofoni, mtu mmoja pembeni hatoi macho kwenye kompyuta, kisha sauti yenye mikwaruzo inajibu kutoka juu. Baada ya dakika kumi hivi sauti inafifia, inakatika, na watu wanapiga makofi.

Shule ikiishia hapo, wanafunzi kumi watakuwa wameuliza maswali na mia tano watakuwa wameshangilia. Fizikia, jiografia na hesabu zimo katika kazi inayotangulia: kujua kwa nini muda ni dakika kumi na si saa nzima, kwa nini sauti ilianza kwa mikwaruzo ikasafika katikati, kwa nini redio ilibidi ibadilishwe masafa mara kadhaa wakati kituo kinapita. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa hata na shule ambayo haijawahi kuchaguliwa, kwa futi ya chuma ya fundi, bomba la plastiki na redio ndogo. Ndiyo maana makala haya yanakaa zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye siku yenyewe.

Dakika kumi zinatoka wapi

Kituo huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hadi 420 hivi, kwa kasi ya takribani kilomita 7.66 kwa sekunde, na humaliza mzunguko mmoja kwa kama dakika 93. Mawasiliano na shule hutumia VHF, yaani masafa ya juu sana ya redio, ambayo husafiri kwa mstari ulionyooka. Kituo kikizama chini ya upeo wa macho, dunia yenyewe inakuwa ukuta.

Mwanafunzi aliyesoma trigonometria anaweza kulipata jibu mwenyewe. Chukua nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, gawanya kwa 6,371 kujumlisha 420. Unapata 0.938. Pembe ambayo kosini yake ni 0.938 ni nyuzi 20.3. Hiyo ndiyo pembe, ukiipima kutoka kitovu cha dunia, kati ya wewe na kituo kinapochomoza. Ukijumlisha upande wa kuzama unapata nyuzi 40.5. Kituo hutembea nyuzi 360 kwa dakika 93, yaani nyuzi 3.87 kila dakika. Gawanya 40.5 kwa 3.87: dakika kumi na nusu. Karibu na ikweta inaongezeka kama nusu dakika, kwa sababu dunia nayo inazunguka kuelekea mashariki, na kituo kinakwenda huko huko. Kisipopita utosini bali pembeni, muda unapungua: pito la chini linaweza kuwa la dakika tano au sita tu.

Nyuzi 20.3 juu ya uso wa dunia ni kama kilomita 2,250. Kituo kikiwa juu ya Dodoma kinasikika Addis Ababa, Harare, Antananarivo na Lubumbashi kwa wakati mmoja. Mpeni kila mwanafunzi ramani na bikari achore duara hilo. Ni njia ya haraka ya kuondoa dhana kwamba kituo kiko "mbali sana angani". Kiko karibu na Dodoma kuliko Dodoma ilivyo karibu na Mwanza.

Umbali huo ndio unaoeleza mikwaruzo. Kinapochomoza, kituo kiko kilomita 2,350 kutoka kwako. Kinapokuwa utosini, kilomita 420. Tofauti ni mara 5.6, na nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo katikati ya pito unapokea nguvu mara 31 ya ile ya mwanzo. Aliyepewa nafasi ya kwanza ya kuuliza anapaswa kulijua hilo, asije akadhani redio imeharibika.

Jambo jingine ni kwamba sisi wa karibu na ikweta hatupati mapito mengi. Njia ya kituo imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Miji ya Ulaya iliyo karibu na latitudo ya nyuzi 50 hupata mapito matano au sita mfululizo kwa siku, ilhali Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hupata kama manne: mawili yanayofuatana, kisha karibu nusu siku baadaye mengine mawili. Kati ya hayo, ya juu vya kutosha ni moja au mawili. Na saa zake huwahi kwa wastani wa kama dakika 24 kila siku, hivyo pito la saa sita mchana leo litakuwa la alfajiri baada ya wiki mbili na nusu hivi.

Kwa nini mtu, si mtambo

Wazo la kuwatumia wanaanga kufundishia ni la zamani. Mwaka 1973 buibui wawili, Arabella na Anita, walipelekwa kwenye kituo cha Skylab kwa sababu mwanafunzi wa sekondari wa Marekani, Judith Miles, alitaka kujua kama buibui anaweza kutanda utando akiwa hana uzito. Walitanda, mwanzoni ovyo, baadaye vizuri. Mwishoni mwa 1983 Owen Garriott, akiwa ndani ya chombo cha Columbia, alikuwa wa kwanza kuzungumza akiwa angani na watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaoendesha mitambo ya redio kwa kupenda, si kwa biashara. Mwalimu Christa McAuliffe, aliyechaguliwa mwaka 1985 kati ya waombaji zaidi ya 11,000, alifariki pamoja na wenzake sita chombo cha Challenger kilipopasuka tarehe 28 Januari 1986. Aliyekuwa mbadala wake, mwalimu Barbara Morgan, aliruka Agosti 2007, na mwaka 2018 wanaanga Joe Acaba na Ricky Arnold, wote walimu wa zamani, walirekodi kwenye Kituo baadhi ya masomo aliyokuwa ameyaandaa McAuliffe. Tarehe 20 Juni 2013 Wang Yaping wa China alifundisha kutoka Tiangong-1, akaonyesha pendulamu isiyobembea na tone la maji linalogeuka tufe, huku wanafunzi zaidi ya milioni 60 wakimtazama.

Mpango wa redio ya ridhaa kwenye Kituo cha Kimataifa, ujulikanao kama ARISS, ulifanya mawasiliano yake ya kwanza na shule tarehe 21 Desemba 2000, kati ya Bill Shepherd na shule ya Luther Burbank huko Illinois. Umeendelea hadi leo kwa nguvu za watu wa kujitolea, mashirika ya anga na vyama vya redio ya ridhaa.

Mtambo usio na mtu hutuma takwimu nzuri kuliko mwanaanga. Lakini haujibu swali ambalo halikutarajiwa. Mwanafunzi akiuliza, "Jasho lako huenda wapi unapofanya mazoezi?", mwanaanga atamweleza kwamba halitiririki, hujikusanya juu ya ngozi kama utando mpaka ulifute kwa taulo, na unyevu wake hunaswa na mitambo ya hewa na kurudi kuwa maji ya kunywa. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mfumo wa kituo umefikia kiwango cha kurejesha asilimia 98 ya maji. Swali moja la mtoto limefungua mvuto wa ardhi, uvukizaji na usafishaji maji, na lilimhitaji mtu aliyetokwa jasho.

Nafasi inavyopatikana

ARISS hupokea maombi kwa vipindi maalumu kulingana na kanda. Ombi lenyewe ni mpango wa ufundishaji: mtafundisha nini, kwa madarasa gani, kabla na baada ya mawasiliano, na mtashirikiana na nani. Shule zinazoandika kurasa mbili za shauku bila ratiba ya masomo hukosa. Kuzungumza na mwanaanga hakulipiwi, ila shule hujigharimia vifaa na maandalizi yake. Kutoka kuomba hadi kuzungumza kunaweza kupita mwaka mzima, na saa kamili hujulikana siku chache kabla. Hata hapo inaweza kuhama, maana chombo cha mizigo au matembezi nje ya kituo huja kwanza. Wanaanga wakiwa nje ya kituo redio za ridhaa huzimwa kwa usalama.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: mtambo wa redio uko shuleni. Hiyo inahitaji redio ya VHF yenye nguvu ya wati 50 hadi 100, antena ya Yagi (ya vipande vilivyopangwa sambamba kwenye mhimili mmoja) yenye mawimbi ya mviringo inayozungushwa na mota zinazoongozwa na kompyuta, kikuza mawimbi karibu na antena, na mtambo wa pili kamili wa akiba wenye betri yake. Inahitaji pia mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa. Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za mwito huanza na 5H. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, alama 5Z. Uganda ni UCC, Tume ya Mawasiliano, alama 5X. Mwenye leseni ndiye anayeendesha mtambo, wanafunzi huzungumza chini ya usimamizi wake. Ulizeni mapema, kwa maandishi, kama kanuni za nchi yenu zinamruhusu asiye na leseni kuzungumza kwa namna hiyo.

Njia ya pili ni kuunganishwa: kituo cha ardhini kilichoko Italia, Ubelgiji, Marekani au Australia hufanya kazi ya redio, na shule huunganishwa nacho kwa simu au intaneti. Kwa shule nyingi za Afrika Mashariki hii ndiyo yenye uhakika zaidi. Ina jambo moja la kuwaambia wanafunzi waziwazi: wakati wa mazungumzo Kituo cha Anga kitakuwa juu ya nchi hiyo ya mbali, kwa mfano Australia, si juu ya paa la shule. Msiwatoe uani kukitafuta.

Ratiba ya wanaanga hufuata saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Huamka saa 06:00 na hulala saa 21:30, yaani kwa saa za Afrika Mashariki kuanzia 09:00 hadi 00:30. Hapa makosa huingia kwa urahisi, kwa sababu barua huja na UTC, kompyuta inaonyesha saa za Afrika Mashariki, na wazazi wanaalikwa kwa saa za Kiswahili. Mawasiliano ya 09:20 UTC ni 12:20 kwetu, yaani saa sita na dakika ishirini mchana. Andikeni zote tatu kwenye kila tangazo.

Maswali

Mkitoa nusu dakika ya kuitana na nusu dakika ya kuagana, zinabaki dakika tisa na kitu. Swali zuri huchukua sekunde tano, jibu ishirini hadi ishirini na tano. Hayo ni maswali kumi na nane, basi. Wanafunzi kumi wakijipanga foleni, kila mmoja akauliza na kurudi nyuma ya foleni, mnaweza kuyafikia.

Swali la kuepuka: "Ningependa kufahamu ni changamoto gani mnazokutana nazo huko angani na mnazitatua vipi." Ni refu, ni maswali mawili, na jibu lake liko kwenye intaneti. Swali la kuuliza: "Mwali wa moto una umbo gani huko?" Ni maneno machache, na darasa linaweza kulifanyia kazi. Bila uzito, hewa moto haipandi, kwa hiyo mwali haurefuki kwenda juu. Huwa kama tufe, wenye rangi ya buluu iliyofifia. Wiki moja kabla, wanafunzi wachore wanachodhani. Wiki moja baada, waeleze kwa nini.

Wekeni maswali muhimu mwanzo na katikati. Ya mwisho ndiyo hukatwa, ama kwa mwanaanga kujibu kwa urefu, ama kwa kituo kuzama mapema nyuma ya kilima. Kwa kawaida Kiingereza ndicho kinachotumika, lakini hilo hutegemea mwanaanga aliyepo. Tafsiri kwa ukumbi ifanywe baada ya mawasiliano kukatika. Ikifanywa wakati wa mazungumzo itakula nusu ya muda.

Kila swali humalizikia kwa neno "ova", kwa sababu redio hii haiwezi kurusha na kupokea kwa pamoja. Mtoto akilisahau, mwanaanga husubiri na sekunde zinapotea. Kitufe cha kurusha kibanwe na mtu mmoja tu, mwenye leseni: anabana, anahesabu moja kimoyomoyo, anampa mtoto ishara. Mtoto akianza kabla, silabi ya kwanza inakatika na swali halieleweki. Mdomo uwe sentimita tano kutoka kwenye maikrofoni, kidogo kwa ubavu ili pumzi isipige moja kwa moja. Spika za ukumbi zikae mbele ya maikrofoni zikiwatazama watu, la sivyo zitaanza kupiga kelele ya mwangwi mara tu mtoto anapoongea. Fanyeni mazoezi ya foleni kwa saa ya mkononi, tena mkiwa na kelele za makusudi za redio, maana ukimya wa mazoezini humdanganya mtoto.

Kuna mengine ya kuangalia siku yenyewe. Takwimu za njia ya kituo zipakuliwe asubuhi ile ile; kituo husukumwa juu mara kwa mara au kukwepeshwa takataka za angani, na takwimu za wiki iliyopita zinaweza kuielekeza antena mahali tupu. Saa ya kompyuta ilinganishwe na saa ya intaneti: ikikosea dakika moja, kituo kimeshatangulia kilomita 460. Taa za LED, chaja za bei rahisi na jenereta karibu na antena huziba mawimbi dhaifu. Na mwito wa kwanza usipojibiwa, endeleeni kuita kila baada ya sekunde kumi. Dakika ya kwanza ya ukimya ni ya kawaida kabisa, hasa kituo kinapokuwa bado chini.

Shule ambayo haijachaguliwa

Sauti ya mwanaanga hushuka kwa masafa ya 145.800 MHz, FM, na mtu yeyote mwenye redio inayofika hapo anaweza kuisikia. Masafa ya kupandisha kwa mazungumzo ya shule hayatangazwi, ili asitokee wa kuvuruga. Kwa hiyo shule yoyote iliyo chini ya lile duara la kilomita 2,250 inaweza kusikiliza upande wa mwanaanga katika mazungumzo ya shule nyingine. Kituo pia hutuma picha kwa redio katika vipindi vinavyotangazwa, kwa masafa hayo hayo, na kwenye 145.825 MHz kuna mitambo ya data ambayo mara nyingi huwa wazi. Milio yake mifupi inafaa sana kwa mazoezi.

Kipokezi kinachofaa shule ni kile kidogo cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta, maana hakiwezi kurusha. Redio za mkononi za kurusha na kupokea zinapatikana madukani na zinasikia vizuri, lakini kuimiliki bila leseni kunaweza kuwa kosa, na mtoto akibana kitufe kwa bahati mbaya atakuwa amerusha. Kipokezi cha USB kina udhaifu wake: mjini, vituo vya FM vya 88 hadi 108 MHz hukilemea mpaka kinakuwa kiziwi. Dawa ni kichujio cha FM kati yake na antena, au kuhamia uwanjani nje ya mji.

Antena ndiyo kazi ya mikono. Yagi ya vipande vitatu hutengenezwa hivi. Chukua futi ya chuma ya fundi yenye upana wa milimita 25, ile inayojikunja. Kata kipande cha nyuma, sentimita 105. Vipande viwili vya katikati, sentimita 45 kila kimoja. Na cha mbele, sentimita 89. Mhimili ni bomba la PVC. Kutoka kipande cha nyuma hadi cha katikati ni sentimita 20, na kutoka cha katikati hadi cha mbele ni 32. Acha bomba la ziada nyuma liwe mpini. Tumia viungo vya bomba vya msalaba na vya T, ubane vipande kwa klipu za mpira wa maji. Zile nusu mbili za katikati ziachane kwa sentimita 2.5, zikigusana hakuna kitakachosikika. Kwangua rangi ya futi kwa msasa pale pa kuunganishia mpaka chuma king'ae. Lehemu kwa risasi waya wa ndani wa kebo kwenye nusu moja na wavu wa nje kwenye nusu ya pili. Kisha kunja waya wa shaba wa sentimita 12.7 uwe umbo la U, ulehemu ncha zake kwenye nusu hizo hizo. Huo waya wa U unaonekana kama kosa, kama umezifunga nusu kwa pamoja, na wanafunzi hupenda kuuondoa. Uacheni: ndio unaolinganisha antena na kebo.

Ncha za futi hukata mikono, zifungwe kwa tepu ya umeme. Kebo iwe RG-58. Waya wa dishi la televisheni unafaa kwa kupokea, upotevu wake ni mdogo, ila wavu wake mara nyingi ni wa alumini na haushiki risasi. Utalazimika kuubana kwa skrubu. Kebo isizidi mita tatu au nne.

Pito lenyewe lifanywe na wanafunzi wanne. Mmoja ameshika antena, upande wa kipande kifupi ukielekea kituo kilipo. Wa pili anasoma kwenye simu au karatasi: "saa kumi na dakika mbili na nusu, kusini-magharibi, mwinuko ishirini", na kurudia kila baada ya nusu dakika. Wa tatu anashughulikia masafa. Wa nne anaandika na kurekodi. Simu yenye dira isisogezwe kwenye antena, maana futi ni ya chuma na huipotosha sindano. Paa la mabati hufanya vivyo hivyo. Sauti ikififia ghafla kituo kikiwa bado juu, mshika antena azungushe mkono kama anayefungua bomba, kwa sababu mwelekeo wa mawimbi umegeuka. Ajaribu nyuzi 45, kisha 90. Wanafunzi wengi hufikiri wamepoteza kituo kumbe wamepoteza mwelekeo huo tu.

Wakati wa vipindi vya picha, mtindo unaotumika mara nyingi ni PD120: picha moja huchukua sekunde 126, kisha kituo hunyamaza kwa muda. Pito zuri hutoa picha mbili, pengine tatu. Programu ya Robot36 kwenye simu huzichora ikiisikia tu sauti ya redio kwa maikrofoni yake, lakini basi kila kikohozi cha mwanafunzi kinaonekana kama mstari kwenye picha. Afadhali kurekodi kwa waya na kuchora baadaye.

Kupima kasi ya kituo kwa sauti yake

Hili ndilo zoezi ambalo lingepaswa kufanywa na kila shule yenye kipokezi. Kituo kinapokuja, masafa unayopokea huwa juu kidogo ya yale yanayorushwa; kinapokwenda, huwa chini yake. Kwenye kompyuta, programu kama SDR++ huonyesha mawimbi kama mstari unaoteremka kwenye skrini, na mstari huo unapinda polepole, kisha kwa haraka kituo kikiwa juu, kisha polepole tena. Someni masafa wakati mwanaanga amenyamaza huku bado amebana kitufe. Akiongea, sauti hutawanya mstari.

Kwa pito la karibu na utosini mtapata kwa mfano 145.80335 MHz mwanzoni na 145.79665 MHz mwishoni. Tofauti ni 6.7 kHz, nusu yake 3.35. Gawanya kwa 145,800 kHz, zidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde: 6.89. Kitabu kinasema 7.66. Mwanafunzi atadhani amekosea, kumbe ameshika mambo mawili ya kweli.

La kwanza ni dunia. Mwangalizi aliye karibu na ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kilomita 0.465 kwa sekunde, na kwa kuwa njia ya kituo imeinama nyuzi 51.6, sehemu ya mwendo huo inayofuata njia ya kituo ni 0.465 mara kosini ya 51.6, yaani 0.29. Jumlisha: 7.18. La pili ni umbo: kituo kikiwa kwenye upeo wa macho hakiji moja kwa moja kwako, kinapita juu yako kwa mshazari, na unachopima ni sehemu ya kasi yake tu, ile 0.938 ya hesabu ya mwanzo. Gawanya 7.18 kwa 0.938. Ni 7.65.

Kuna sababu ya kutumia nusu ya tofauti badala ya kusoma mara moja. Kipokezi cha bei nafuu kinaweza kukosea sehemu ishirini kwa milioni, ambayo kwenye masafa haya ni 2.9 kHz, karibu sawa na athari yote tunayoitafuta. Kosa hilo likiwa sawa mwanzo na mwisho, linajifuta lenyewe kwenye kutoa. Kiwasheni kipokezi dakika ishirini kabla ya pito, kipate joto lake, maana kosa hubadilika kinapopata moto. Na mapito ya chini msiyatumie kwa hesabu hii. Yatatoa kasi ndogo kila mara.

Watoto wa shule walioko Ulaya wana njia nyingine ya kufika hapo hapo: katika mashindano ya Astro Pi ya shirika la anga la Ulaya, wanafunzi huandika programu inayoendeshwa kwa dakika kumi kwenye kompyuta ndogo ndani ya kituo, nayo hukadiria kasi, kwa mfano kwa kulinganisha picha za ardhi zinazofuatana.

Ujuzi huu wa antena na hesabu una matumizi zaidi. Setilaiti ya Kenya 1KUNS-PF, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka maabara ya Kibo ya kituo hicho hicho tarehe 11 Mei 2018. RwaSat-1 ya Rwanda ilifuata Novemba 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Setilaiti za namna hiyo zikiachiwa kimo hicho hukaa mwaka mmoja au miwili hivi kabla ya kushuka na kuungua, na zote husikilizwa kwa hesabu hizi hizi za upeo wa macho, saa na kubadilika kwa masafa, ila antena huwa fupi zaidi kwa kuwa masafa ni ya juu.

Kituo cha Kimataifa kimepangwa kuendeshwa hadi 2030. Shule inayotaka kuomba mazungumzo ianze na daftari la mapito: tarehe, saa kwa UTC, mwinuko wa juu, kilichosikika, masafa ya mwanzo na ya mwisho, na kasi iliyokokotolewa. Kurasa hizo zikiambatanishwa kwenye ombi, wanaolisoma hawana haja ya kuambiwa kwamba wanafunzi wako tayari.